Nane Iliyokatika Hewani

Panya ndio walioanza. Ukitaka mtu wa kulaumu kabla hujamfikia Kinoti, laumu panya wa kiwanda cha spiriti kilichokuwa nje kidogo ya Sagana, maana panya aliyelelewa kwa molasi hana adabu. Nyaya za vipimajoto, zile zilizotoka kwenye mnara hadi chumba cha mitambo, zilikuwa ndefu kupita uwanja wa mpira, na kila zilipobadilishwa panya walizikata tena kabla ya miezi minne kwisha. Mara ya tatu wakubwa wa Nairobi wakasema basi, hakuna nyaya tena. Hapo ndipo Kinoti alipotoa akili yake mpya, na akili mpya ni kitu kitamu sana kwa mwenye nayo.

Kinoti alikuwa injinia, Mmeru wa Nkubu, hajatimiza miaka thelathini mwaka huo wa 1996. Kazi yake ilikuwa mnara. Na mnara wenyewe si kanisa, ni bomba nene la chuma, refu kuliko mkaratusi, lenye trei thelathini ndani yake moja juu ya nyingine. Molasi iliyochacha huingia katikati, mvuke wa boila huingia chini, spiriti hupanda juu na maji machafu hushuka. Joto la trei ya kumi na mbili ndilo linalosema kama mambo ni sawa. Likishuka, spiriti inamwagwa pamoja na maji machafu. Likipanda, maji yanaingia kwenye spiriti. Na mvuke ukifunguliwa kupita kiasi mnara hujaa na kufurika, na kilicho ndani hutafuta pa kutokea.

Sasa Kinoti alikuwa ameandika programu ya kompyuta isiyongoja kosa litokee. Unaipa joto la sasa na la saa nzima iliyopita, nayo inapiga hesabu mnara utakuwaje baada ya robo saa, baada ya nusu saa, kisha inafungua au kufunga valvu ya mvuke mapema, kama mchezaji wa drafti anayeona hatua tano mbele. Lakini nyaya zimeliwa, mchezaji amepofuka. Kinoti akasema macho atampa kwa redio. Akaleta redio mbili za mkononi, zile za kubonyeza kitufe ndipo uongee. Moja akampa Mzee Kingori, opereta, apande ngazi ya mnara kila baada ya dakika kumi, asome geji ya trei ya kumi na mbili na kuitaja hewani. Ya pili ikakaa mezani kando ya kompyuta, Kinoti asikie namba na kuiandika. Na ilifanya kazi, usicheke. Spiriti ya miezi miwili ile ilikuwa safi kuliko ya miaka mitano.

Kingori alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza chini ya mnara ule. Nyumba yake ilikuwa Skuta, Nyeri, ila siku za kazi alilala kwenye nyumba za kiwanda. Kabla ya kompyuta aliuongoza mnara kwa sikio na kiganja. Kinoti alipoleta redio, wengine walidhani mzee atakasirika, lakini alipanda ngazi yake bila neno, akisema kijana amesoma, na aliyesoma asikilizwe.

Sheria alizibandika Kinoti mwenyewe ukutani. Namba isemwe kwa Kiswahili. Anayepokea airudie. Ikikatika, iulizwe. Kwa vile joto lilikuwa themanini na kitu siku zote, walikubaliana Kingori ataje tarakimu ya mwisho peke yake.

Lakini ulimi humrudia mwenyewe. Ukiwa umening'inia kwenye ngazi, upepo wa mlimani unakupiga masikio, utahesabu kwa lugha uliyonyonya. Kingori alihesabu kwa Kigikuyu, na Kinoti hakuona shida, kwa sababu Mmeru na Mgikuyu wanasikizana. Shida ilikuwa mahali pamoja tu. Nne, wote wawili wanasema inya. Nane, Mmeru anasema inana, lakini Mgikuyu anasema inyanya. Ikate inyanya mkia, uone kilichobaki.

Na Kingori, Mungu amsaidie, alikuwa na kidole kisichoenda pamoja na mdomo. Mara abonyeze kitufe amechelewa, neno linaingia limekatwa kichwa, na chumba cha mitambo kinasikia "nyanya" tupu; watu wakamtania kama amefungua kibanda cha mboga huko juu. Mara akiachilie mapema, neno linakatwa mkia. Siku zote Kinoti alibonyeza na kusema, "Rudia, mzee," na mzee alirudia. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho.

Siku ya wageni, Jumanne ya Aprili saa nne asubuhi, namba haikurudiwa. Mimi sisemi Kinoti alikuwa mtu mbaya. Nasema siku hiyo alikuwa amefunga tai. Wakubwa watatu kutoka Nairobi walisimama nyuma ya kiti chake, naye anawaeleza jinsi kompyuta inavyoona mbele, na maneno yanamtoka kama maji ya mfereji. Joto lilikuwa nane, nane, nane asubuhi yote, jinsi lilivyotakiwa. Redio ikakoroma, sauti ya Kingori ikaja, "Inya," halafu mkwaruzo, halafu kimya. Kinoti alisikia mkwaruzo. Alijua vizuri kwamba neno halikuisha. Akaandika nne.

Kompyuta yenyewe ilishtuka. Kinoti alikuwa ameifundisha kutilia shaka namba inayoruka ghafla, tena kwa Kiswahili, ili siku moja hata opereta waitumie. Ikaandika kwenye kioo: ILIKUWA 88. SASA 84. UNA HAKIKA? Ubonyeze N kama ni ndiyo, H kama ni hapana. Mmoja wa wageni akainama kusoma. Kinoti akafikiri: nikishika redio sasa niseme rudia mzee, watajua ujanja wangu wote unategemea mzee wa watu aliye juu ya ngazi. Akabonyeza N.

Basi kompyuta ikaamini. Ikaona mnara unapoa, ikaona baada ya robo saa utakuwa umepoa zaidi, ikafungua mvuke kwa nguvu. Kinoti akawaonyesha wageni mshale wa valvu ukipanda, akasema mnaona, imeiona baridi kabla haijafika. Wageni wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Dakika sita baadaye Kingori alipiga kelele redioni kwamba mnara unatetemeka, wapunguze stimu, na Kinoti alipoifunga valvu kwa mkono mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Mnara ulikuwa umefurika hadi juu. Mvuke na maji ya moto yalipita hata kwenye kipoza, yakashuka kwa bomba la sampuli hadi maabara, mahali ambapo Warigia alikuwa amefungua bomba ajaze kichupa chake cha kupimia, kama alivyofanya kila siku. Yalimchoma mkono wa kulia wote, na shingo.

Warigia alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa binti wa Gatimu, kaka mkubwa wa Kingori, wa kule Kangema. Kingori ndiye aliyemtafutia kazi hiyo.

Watu wote walipokuwa wakikimbilia maabara, wageni na tai zao, Kinoti alibaki chumbani kidogo. Printa ilikuwa imeandika kila kitu, namba na saa na maswali na majibu. Akakata kipande cha karatasi chenye mistari ile miwili, swali na jibu lake, akakikunja, akakitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu naye akakimbia.

Baada ya siku tatu meneja, Bwana Kihara, aliita kikao. Alimuuliza Kinoti swali moja: ulisikia nini kwenye redio? Kinoti akajibu, "Nilisikia inya." Na hakudanganya, ndilo jambo lililomtesa baadaye, kwamba hakuna neno la uongo alilosema. Meneja akamgeukia Kingori. Mzee alitazama vidole vyake, kisha akasema geji ilikuwa nane, na yeye alidhani amesema inyanya. "Lakini kama injinia amesikia inya, basi ni inya nilisema. Labda hii kidole ilitoka mapema. Yeye hawezi kunisingizia." Ikaandikwa kwamba opereta hakutumia Kiswahili kama sheria inavyotaka, na aliachilia kitufe kabla ya wakati. Kingori akaambiwa aende nyumbani angojee barua, na barua ilipofika ilikuwa ya kumfukuza kazi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na cha Kinoti kilikuwa kwenye koti kweli. Hakuweza kukichoma, hakuweza kukitoa. Akawa kila Jumapili anakwenda Skuta na mkate na sukari kumtazama mzee, akijiambia leo nitasema. Mke wa Kingori alimpikia chapati. Mzee alimsimulia usiku anavyolala akirudia namba ile kinywani, inyanya, inyanya, akijaribu kukumbuka alivyoisema, na kadiri anavyoirudia ndivyo anavyoona kweli ulimi wake ni mzito. Miaka ishirini na miwili, akasema, na hajui tena kama anaweza kusema nane. Kisha akamshika Kinoti mkono. "Wote wamenitupa. Ni wewe tu hujanitupa, injinia."

Kinoti alirudi Sagana siku hiyo bila kusema alichoendea. Aliona haya, haya ya kumtoa mtu jasho. Ilifika mahali akienda sokoni anapita mbali na akina mama wa nyanya, asisikie wakilitaja lile neno.

Juma la nane Warigia alitoka hospitali, na Kingori akamwomba Kinoti jambo. Alikuwa anakwenda Kangema kwa kaka yake kuomba msamaha kama watu wanavyoomba, na wazee na mbuzi. Gatimu hakuwa amezungumza naye tangu siku ile, na alikuwa ameapa kwamba Kingori hataingia kwenye boma lake mikono mitupu. Lakini mtu hawezi kukiri mbele ya wazee bila aliyeona. Wewe ulikuwa hapo, akasema Kingori, wewe ndiye ulisikia. Twende useme vile ulisikia, tumalize. Kinoti akasema ndiyo. Hebu niambie, angesema nini?

Walikwenda Jumapili baada ya ibada, kwa pikapu ya kiwanda, mbuzi nyuma. Boma la Gatimu liko mteremkoni, majani ya chai yamelizunguka hadi mlangoni. Wazee wanne walikuwa wamekaa kwenye viti uani. Gatimu, mtu mrefu mwenye koti zito, aliwasalimu bila kusimama. Warigia alikuwa karibu na mama yake, kitambaa shingoni, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kwapa. Kinoti hakuwa amemwona tangu siku ile. Alikuwa amepeleka salamu hospitali, salamu tu.

Kingori alifunga mbuzi kwenye nguzo ya ua, akaja akasimama katikati, akavua kofia. Hakuzunguka.

"Gatimu, mimi ndio nilichoma mtoto wako. Sikumchoma na moto, nilimchoma na mdomo. Nilitumwa niseme nane, nikasema nne." Akakunja kofia viganjani. "Sina kesi. Huyu kijana alinisikia. Ongea, injinia, waambie vile ulisikia."

Kinoti akasimama. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, mazuri, yenye redio na hewa mbaya na vilima, maneno ambayo yangemfanya kila mtu awe na kosa kidogo. Akamtazama mzee amesimama kichwa wazi mbele ya kaka yake, kofia imekunjwa viganjani, na maneno yale yote yakamwacha. Akatia mkono ndani ya koti.

Alisema kwa ufupi. Alisema mzee alianza kusema nane na redio ikakata, na yeye alisikia ikikata, na alijua neno halikuisha. Alisema kompyuta ilimuuliza. Alisema karatasi ya kompyuta aliikata akaificha, na alipoulizwa na meneja alijibu nusu. Hakulia, ingawa sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

Warigia akanyoosha mkono wa kushoto. Kinoti akampa karatasi, naye akaifungua kwa shida juu ya goti, akaisoma kwa sauti ili wazee wasikie: themanini na nane, sasa themanini na nne, una hakika, ndiyo.

"Hii 'ndiyo' ni yako?"

"Ni yangu."

"Si ungemwuliza tu?"

"Nilikuwa na wageni," akasema Kinoti.

Warigia alimtazama, si kwa hasira hata, bali jinsi unavyotazama kitu kidogo ulichodhani ni kikubwa. Akasema kesho ni Jumatatu, na kesho hiyo karatasi iwe kwa meza ya Bwana Kihara, na kama haitafika ataipeleka mwenyewe kwa mkono uliobaki. Akaikunja, akamrudishia.

Kingori alikuwa bado amesimama. "Kumbe nilisema," akasema. "Gatimu, umesikia? Kumbe nilisema inyanya." Na huyo mzee, ambaye hakulia siku alipofukuzwa, akaketi chini kwenye udongo na kulia kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Gatimu aliinuka, mara ya kwanza tangu waingie, akaenda akamwinua ndugu yake kwa makwapa.

Kinoti akabaki peke yake katikati ya ua. Alidhani sasa kazi imekwisha. Alidhani, na mimi ningedhani hivyo, kwamba mtu akishasema ukweli anatuliwa mzigo hapo hapo na kupewa kikombe cha chai. Akamwambia Gatimu kwamba anaomba msamaha kwake na kwa binti yake, na kwamba mbuzi huyu atamlipia yeye, ama alete mwingine, chochote watakachosema.

Gatimu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza kama ana baba. Kinoti akasema anaye, yuko Nkubu. Akamuuliza kama baba huyo anajua. Kinoti akatikisa kichwa.

"Basi, kijana, wewe haujaomba msamaha bado. Umesema tu. Hapa mtu haombi akiwa peke yake kama jiwe. Enda ulete watu yako, wakuje na wao wasikie vile umefanya, halafu tutaongea." Hakuipandisha sauti. "Na hii mbuzi ya ndugu yangu inarudi na yeye. Haina kosa ya kulipa."

Kinoti akasema atawapeleka yeye, mzee na mbuzi, hadi Skuta. Kingori akasema asante, atalala kwa kaka yake. Alisema kwa upole, ila hakumwita injinia, na Kinoti akaondoka akijua chapati za Skuta amekwisha kuzila.

Alipofika Sagana njia zilimgawanyikia, ya kushoto kwenda Nyeri, ya pili kwenda Embu na Meru. Alisimama hapo kituo cha mafuta muda mrefu na injini inanguruma. Ilikuwa rahisi kujiambia aanze na karatasi ya Kihara, baba atangoja. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Ni yeye aliyemwambia kila mtu kuanzia Nkubu hadi Chuka kwamba mwanawe anaendesha kiwanda kizima akiwa amekaa kwenye kiti. Kinoti akashika ya Embu.

Alifika jioni, ng'ombe wakikamuliwa. Mama alipiga vigelegele, akamkimbilia kuku, Kinoti akamwomba amwache kuku. Akamwita baba kando ya zizi na kumweleza kila kitu, tangu panya. Alieleza vizuri, alikuwa na kipaji cha kueleza: joto la trei ya kumi na mbili, redio na kitufe, inya na inyanya, kompyuta inavyoona mbele, wageni, valvu, karatasi. Alieleza opereta alivyofukuzwa kazi na msichana wa maabara alivyoungua. Hakujitetea hata mara moja.

Baba hakuuliza juu ya kompyuta wala hakumtukana. Aliingia nyumbani, akatoka na koti lake la kanisani na fimbo, akasema watakwenda kwa jirani, mzee Mwendwa, waongee naye awe wa tatu, kisha asubuhi wapite kiwandani na karatasi, halafu Kangema. Walikuwa wamefika langoni aliposimama, mkono juu ya komeo.

"Huyo msichana, anaitwa nani?"

Hapo ndipo Kinoti alipogundua kwamba ameeleza saa nzima, namba zote na digrii zote, na hajalitaja jina lake, wala la mzee.

"Warigia," akasema. "Na mzee ni Kingori."

Baba akayarudia majina polepole, mara mbili, maana hayakuwa majina ya kwao, na yeye ndiye atakayeyasema kesho mbele ya watu.